Jibu la Tatu

Nimechana kurasa nne tangu asubuhi, na zote nne zilianza vizuri. Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka. Historia ya kweli haiwezi kuanza vizuri namna ile. "Hapo kale, kabla ya nuru ya tiba kufika katika milima yetu..." Lo, kama hotuba ya mkuu wa wilaya! Nuru gani? Mimi nilikuwepo. Nuru ilikuwa kibatari.

Aliyenituma ni Namsifu. Ni muuguzi mkuu wa hospitali hii mpya ya vigae vyeupe, inayofunguliwa kesho kutwa, na anataka historia ya matibabu ya watu wetu isomwe mbele ya wageni, kuanzia enzi za vibuyu hadi leo. Amenipa daftari la kurasa mia mbili, kalamu tatu na kiti chenye mto, akaniweka mwanzo wa ushoroba. "Mjomba," akasema, "umekaa dirishani miaka thelathini na moja ukituandika. Usipoandika wewe, ataandika nani?" Kisha akaongeza, kwa ile furaha ya mtu anayempa mzee zawadi, kwamba chumba cha kuandikisha wagonjwa kitaitwa kwa jina langu. Kibao kimeshachongwa. Cha mninga, herufi za kuchimba: CHUMBA CHA KARANI ELIEZA.

Nakijwa, mama yake Namsifu, alikuwa binti wa baba yangu mdogo, kwa hiyo alikuwa dada yangu. Alikufa miaka arobaini iliyopita. Aliyemuua ni mimi, na Namsifu hajui. Hilo ndilo halikuwemo katika zile kurasa nne. Nina siku moja na nusu ya kumwambia kabla kibao hakijapigiliwa ukutani. Baada ya hapo nadhani sitaweza tena, maana mtu akishakuwa jina la chumba hakiri kitu.

Ushoroba wenyewe una hatua sitini. Niliupima jana. Leo nimeinuka kitini kunyoosha miguu, nimetembea tangu chai ya asubuhi, jua limehamia madirisha ya upande wa pili, na bado kuna milango mbele yangu. Sishangai. Nimefika umri ambao vitu haviniombi ruhusa ili virefuke. Kushoto kuna benchi moja, nalo halina mwisho, na wagonjwa wamekaa bega kwa bega: mzee wa kaniki karibu na kijana wa jinzi, mama aliyeshika kibuyu karibu na msichana aliyeshika simu. Watu wa miaka yote, foleni moja. Wengine nawajua. Wengine niliwazika kwa mikono yangu. Hakuna anayenung'unika kwa kusubiri, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu najua wanachosubiri si dawa. Wanasubiri kuulizwa.

Hapa lazima nieleze, la sivyo wageni wa kesho kutwa hawataelewa kitu. Watu wetu huulizwa hali mara tatu. Jibu la kwanza ni la Mungu. Humwambii Mungu machoni kwamba kazi yake ina kasoro, kwa hiyo unasema salama, tunashukuru. Jibu la pili ni la waliosimama karibu, usije ukawatia hofu watoto wa watu, kwa hiyo unasema tunaendelea hivyo hivyo. Jibu la tatu ndilo lako. Hapo ndipo mtu anautua mzigo: jamani, huu mguu unaniua, jamani, huyu mtoto hajanyonya tangu juzi. Mgeni akituona hudhani sisi waongo au wapole kupita kiasi. Hatusemi uongo, na upole hatuna. Waulize waliowahi kugombea mpaka wa shamba nasi. Ni kwamba ukweli nao una zamu yake, na kuuomba kabla ya zamu ni kumvua mtu nguo.

Nimesukuma mlango wa kwanza. Ndani mna banda la nyasi na moshi wa kuni mbichi, na Bibi Nambike, mganga wetu wa enzi za vibuyu, amekaa kwenye kigoda akipukuchua maharage. Bibi huyu alikufa kabla mama yangu hajazaliwa. Mbele yake kuna mwanamume mwenye tumbo. Bibi akamuuliza hali, akapukuchua ungo mzima. Akamuuliza tena, akampa uji. Alipomaliza uji akamuuliza mara ya tatu, na yule bwana akaanza kulia.

"Wewe uliyesimama mlangoni unataka nini?" Bibi akaniuliza bila kugeuka.

"Naandika, bibi. Historia ya matibabu."

"Matibabu? Mimi nina dawa kumi na mbili, na nne ni za minyoo. Wanakufa wengi. Andika hivyo, usinipambe."

"Nitaandika."

"Lakini andika pia kwamba hakuna aliyekufa hapa na neno lake mdomoni." Ndipo akanitazama, na mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Mbona hukai?"

Nikasema nina haraka. Nikafunga mlango. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachonikasirisha kama kutazamwa na mtu anayejua.

Mlango wa pili nilikaa kidogo, kwa sababu una kichekesho, na mwenye hatia hupenda vichekesho. Ndani mna meza, kengele, na yule daktari mgeni tuliyemwita Bwana Chupa, na pembeni yake mkalimani wetu, Mzee Kivaria. Bwana Chupa aliuliza mara moja tu. Kivaria aliuliza mara tatu, akasikiliza mara tatu, kisha akamtafsiria lile la tatu peke yake. Ilikuwa hivyo miaka kumi na tisa. Bwana Chupa akarudi kwao akiamini kwamba lugha yetu ni ndefu mno, mtu husema nusu saa kumaanisha anaumwa na jino. Nilicheka peke yangu pale mlangoni. Kisha nikakumbuka kwamba Kivaria hakuwa na cheo wala cheti, hakuwahi kukaa darasani siku moja, na kazi ile aliijua kunishinda mimi niliyefundishwa miezi sita. Kicheko kikakauka.

Mlango wa tatu ni wangu.

Sikuingia. Nilikaa benchini, nikamwomba yule mama wa kibuyu asogee, akasogea. Akaniuliza hali yangu. Nikasema salama, tunashukuru. Unaona? Hata mimi.

Basi niseme kuhusu Kanda. Kanda si mtu, ingawa tuliisema kama mtu: Kanda imekasirika, Kanda inakuja Alhamisi, Kanda haipendi wino mwekundu. Ilikaa ng'ambo ya milima, mwendo wa saa kumi na moja kwa gari, na chakula chake kilikuwa karatasi. Ilikuwa na zahanati arobaini chini yake, na yetu ilikuwa ya arobaini. Ilipoamua kwamba kila zahanati iwe na karani, wazee walinichagua mimi kwa sababu nilikuwa na mwandiko. Nikaenda kufundishwa. Tukafundishwa kanuni moja, na tuliiimba kila asubuhi kabla ya uji: swali moja, mgonjwa mmoja, mstari mmoja. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa hali ya mgonjwa, mfupi hivi, kama kidole. Unauliza, anajibu, unaandika alivyojibu. Usiongeze lako.

Ningeweza kunyoosha mkono. Nafasi ilikuwepo, kila Ijumaa mwalimu aliuliza kama kuna mwenye neno. Ningesema: mwalimu, kwetu swali moja halitoshi, kwetu jibu la kwanza si la mgonjwa. Maneno machache tu. Lakini Ijumaa iliyotangulia mwenzetu wa bondeni alieleza mila ya kwao na darasa likacheka hadi mwalimu akafuta machozi. Niliona haya. Hiyo ndiyo sababu, yote kwa ujumla. Kwa miaka arobaini nimeitafuta nyingine kubwa zaidi, yenye heshima kidogo, ya kuwekwa kwenye daftari la kurasa mia mbili, sijaipata.

Nikarudi na kalamu mfukoni na soksi ndefu. Nikakaa dirishani. Habari gani? Salama. Nikaandika salama. Unajisikiaje, mama? Tunashukuru. Nikaandika anashukuru, hana tatizo. Mwingine! Foleni ilikuwa inakwenda mbio, watu wakashangaa jinsi serikali ilivyo na kasi. Wachache waliobaki wamesimama baada ya kujibu, wakinitazama kwa adabu, niliwaambia wasizibe dirisha. Nyuma yangu ukutani palikuwa na bango lililotoka Kanda, herufi kubwa: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA. Methali ni ya kweli, siikatai. Lakini hao hawakuficha kitu. Walikuwa wamesimama nayo mkononi, maradhi yao, kama mtu aliyekuja kurudisha chombo cha jirani akakuta mwenye nyumba hageuki.

Na nilijua! Hilo ndilo nataka lieleweke. Angekuwa mgeni ningemsamehe. Mimi nilizaliwa humu, niliulizwa mara tatu na mama yangu kila nilipoanguka. Nilijua kila "salama" niliyoandika ilikuwa ganda tu. Nililiandika ganda, nikaipelekea Kanda, na Kanda ikala ikashiba.

Mwaka wa nne tukapewa ngao. Watu wenye afya kuliko wote katika Kanda! Mkaguzi alikuja kuthibitisha kwa macho yake, akasimama mbele ya benchi akauliza, "Hamjambo wazee?" Benchi zima likajibu, "Hatujambo, bwana!" na mzee mwenye mguu uliovimba mpaka hauingii kiatu akainuka kumpisha kiti. Mkaguzi alifurahi. Akasema mganga wetu na vitanda vyetu vinahitajika kwa watu wagonjwa kweli. Siku walipokuja kuvichukua, Mzee Mbazi, mwenye homa ya siku tisa, aliamka, akakunja shuka lake, akashika kitanda chake upande mmoja. "Poleni na kazi," akawaambia wapagazi, kwa sababu kwetu mgeni haachwi abebe peke yake. Akakipandisha kitanda chake mwenyewe kwenye lori. Nilimwona. Nilikuwa dirishani na ngao nyuma yangu, nikapiga makofi pamoja na wengine, Mungu anisamehe, lori lilipoondoka.

Waliniacha mimi na dirisha. Kanda bado ilihitaji karatasi yake. Kila saa sita mchana niliisoma fomu kwenye simu ya upepo: nikisoma neno "mahututi", Kanda inatuma gari, nikisoma "salama", haitumi kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa hospitali yetu kwa miaka saba. Kiti, mdomo wangu, na neno.

Sasa nauliza, na wanaojua falsafa wanijibu: ugonjwa ambao haukuulizwa upo? Mtu akiumwa nyumbani kwake, na kwenye karatasi ameandikwa mzima, ni yupi anayetembea duniani, yule wa nyumbani au yule wa karatasi? Kwa Kanda yuko wa karatasi tu. Wa nyumbani ni uvumi. Zamani nilidhani mwenye nguvu ni yule anayejibu, kwa kuwa yeye ndiye anayejua. Ukiuliza unajishusha, unakiri hujui, kuuliza si ujinga na kadhalika. Upuuzi mtupu. Mwenye nguvu ni anayeamua maswali yamekwisha. Mfalme hahitaji kumnyamazisha mtu. Anaacha tu kumuuliza tena. Nami, karani wa soksi ndefu, nilikuwa na ufalme huo wote kwenye ncha ya kalamu, kila siku, kuanzia saa mbili hadi saa tisa alasiri.

Ni Kanda iliyomuua Nakijwa. Sema kweli. Ni fomu. Fomu haina masikio, sema kweli. Basi ni sisi wenyewe na adabu zetu, kwa nini hakusema tu? Kwa nini hakupiga kelele? Elieza. Naam. Sema kweli.

Ilikuwa Januari, saa nne asubuhi, jua linawaka mpaka bati linalia. Nakijwa alikuja dirishani. Alikuwa amejifunga kanga mbili, na juu yake amevaa koti zito la mumewe. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Mtu havai koti Januari bure, na nililiona lile koti. Idadi ya vifungo vyake ninayo hadi leo, vinne, kimoja cha rangi nyingine.

"Dada, habari za nyumbani?"

"Salama, kaka. Tunashukuru."

Nikaandika salama. Akabaki amesimama, mikono yote miwili kwenye kizingiti cha dirisha, akinitazama. Hakunitazama kwa kulaumu. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kutafuna ili waendelee na mazungumzo. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Sikuwa na foleni, sikuwa na mkaguzi, sikuwa na haraka yoyote duniani. Nilisema, "Mwingine!" kwa mazoea tu. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Haya, kaka, kazi njema," akaondoka. Saa sita nikaisoma fomu: salama. Alikufa kesho yake njiani, kwenye machela, wanaume sita wakimbeba kuelekea Kanda, damu ikiwa imepita kanga mbili na koti. Neno moja lingeleta gari.

Nilipoinua kichwa, ushoroba ulikuwa umekuwa mfupi tena. Namsifu alikuwa anakuja, viatu vyake vyeupe vinalia kwenye vigae, kibao kwapani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama."

"Umefika wapi?" Akatazama daftari. "Mbona jeupe? Mjomba, nawe! Kesho kutwa ndiyo hiyo."

"Namsifu, keti."

"Nina watu wa umeme wananisubiri."

"Keti, mwanangu. Usipigilie hicho kibao."

Akaketi. Nikamwambia yote, nikitazama viatu vyake. Nikamwambia Ijumaa za darasani na ile haya. Nikamwambia ngao. Nikamwambia koti, vifungo vinne, mikono kwenye kizingiti, lile swali moja, na simu ya saa sita. Nikasema, "Nilijua, Namsifu. Nilijua hajanijibu bado. Niliona uvivu wa kuuliza." Ni hapo tu nilipoielewa mwenyewe: haya ilikuwa ya darasani, lakini siku ile ilikuwa uvivu. Miaka mingi nilikuwa nimemwekea dada yangu sababu isiyokuwa yake.

Nilidhani analia, lakini nilipomtazama, macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Nilikuwepo," akasema.

"Wapi?"

"Pale. Dirisha lako lilikuwa juu, na mimi nilikuwa na miaka minane. Nilikuwa nimemshika mama koti, chini ya kizingiti. Hukuniona."

Nikarudisha macho kwenye viatu vyake.

"Zile nguo za damu nilizifua mimi, Mjomba, siku tatu, mtoni. Aliniambia nisimwambie baba. Siku hiyo njiani alikuwa anajizoeza maneno. Alikuwa anayasema polepole, anayarudia, kwamba kaka, natoka damu tangu Jumapili. Akaniambia, mjomba wako akifika swali la tatu, wewe sogea ukacheze pale, si maneno ya mtoto. Basi nikawa nahesabu. Likaja la kwanza, nikajiandaa kusogea. Halafu ukasema mwingine. Nikaona hakuna mwingine ila mimi. Nikadhani umeniona. Nikadhani ndiyo zamu yangu, nami najua kuhusu damu, basi niseme." Akakilaza kibao magotini, maandishi chini. "Nikaogopa. Nikanyamaza. Mama akanishika mkono tukaenda nyumbani."

"Namsifu..."

"Ngoja. Kila Jumapili, tangu nikiwa na miaka minane, nimekuwa nikipiga magoti kanisani kumwomba mama msamaha kwa sababu sikusema. Nimesomea uuguzi kwa sababu hiyo. Sijaolewa kwa sababu hiyo. Nilijiona sistahili mtoto." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wewe ulijua aliyemuua si mimi. Duniani kote ulikuwa wewe peke yako unayejua si mimi. Na kila Jumapili, Mjomba, ulikuwa umekaa benchi la mbele yangu."